Shaaban Robert na Jembe la Utubora

Kila tuendapo Pangani kwa basi, tukiisha kuuacha mji wa Tanga, tunapita Machui, karibu na kijiji cha Vibambani. Wengi wetu hupita tu. Hapo ndipo alipozaliwa Shaaban Robert, tarehe 1 Januari 1909, na huko huko kwao ndiko alikozikwa alipofariki Juni 1962. Jina la Robert limewapoteza wengi. Hata mtaani petu wamo waliodhani alikuwa Mkristo mwenzetu. Alikuwa Mwislamu, na sisi twamkumbuka kama jirani.

Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa ukarani wa forodha. Kazi hiyo aliishika miaka 18, Pangani na kwingineko. Mwaka 1944 alihamia idara ya wanyama, na 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya. Toka 1952 hadi 1960 alikuwa karani wa ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa hiyo mtu aliyetuandikia habari za mkulima alikula mkate wake mezani, kwa kalamu. Mkewe Amina alipofariki alimwandikia maombolezo. Watoto wake aliwaachia wasia wa tenzi.

Katika vitabu vyake twataka kukaa kidogo juu ya kimoja, Utubora Mkulima, kilichopigwa chapa 1968. Utubora ana kazi nzuri ya ofisi huko Unguja, na mwajiri wake, Bwana Makuu, hataki aondoke. Anaondoka, anakwenda Busutamu kushika jembe. Hakufukuzwa, wala hakushindwa kazi. Siku zile ofisi ilikuwa ngazi, na aliyerudi shamba alihesabiwa kuwa ameteleza. Shaaban aliigeuza ngazi hiyo juu chini.

Tusisahau kwamba mwandishi huyu ni mtu wa nchi ya mkonge. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 nchi ilifyekwa maili kwa maili, ukapandwa mmea mmoja, na manamba wakaletwa kutoka mbali kuja kukata majani. Hicho nacho kiliitwa kilimo. Lakini humo alikuwamo mwenye kampuni, alikuwamo msimamizi, walikuwamo vibarua, mkulima hakuwamo. Hakuna aliyeijua ardhi ile kama mtu aijuavyo shamba lake, ajue wapi maji hutuama na wapi udongo umechoka. Jembe la Utubora ni la namna nyingine. Analima na huku anatengenezwa yeye mwenyewe na kazi ile, na jina alilopewa linasema hivyo waziwazi. Siku hizi twahimizwa sana kutunza mazingira, mikoko isikatwe, vyanzo vya maji visiharibiwe. Shaaban alianzia mahali pengine: kwa mtu anayekaa juu ya ardhi, na tamaa aliyo nayo moyoni.

Kitabu kilipotoka, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja tu kabla, 1967. Ni rahisi kukisoma kama kitabu cha siasa ya vijiji. Sisi hatuoni hivyo. Mwandishi alikwisha fariki, na Utubora alikwenda shamba kwa hiari yake, hali katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa amri. Wazee wetu waliohamishwa wanaijua tofauti hiyo bila kuisoma kitabuni.

Wala hatukubaliani naye kwa kila jambo. Utubora alichagua. Mama anayelima mihogo kwa kukosa lingine hakuchagua, na kumsifia jembe lake bila kuuliza bei ya mihogo ni kumfanyia dhihaka. Shaaban mwenyewe hakuacha ukarani mpaka 1960, na hatumlaumu.

Tulikisoma kitabu hiki pamoja na vijana, nao waliona upesi. Mashamba ya minazi ya babu zao yanakatwa viwanja, nao huulizwa kwa nini hawalimi. Waliuliza Utubora angefanya nini kama Busutamu pasingekuwa na shamba lililobaki. Jioni ile hatukuwa na jibu, na bado tunalitafuta.