Roberto Clemente: Nyota wa besiboli ambaye maisha yake ni fumbo la namba, na namba moja haijawahi kupatikana

Kuna mchezo unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kisanduku kidogo mahali fulani, labda chini ya daraja au kwenye shina la mti, halafu anaweka namba za GPS za mahali hapo kwenye intaneti. Wengine wanakitafuta kwa simu zao. Mchezo huu ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia.

Wapo wasiotoa namba wazi. Wanatunga fumbo, na wengine wanalitunga kwa namba za mchezaji waliyempenda utotoni: jezi yake, mwaka aliozaliwa, mataji aliyobeba. Asiyeyajua maisha ya mchezaji huyo hafiki kwenye kisanduku.

Na kama kuna mchezaji ambaye maisha yake yamejaa namba za kufaa fumbo, ni Roberto Clemente wa Puerto Rico.

1934: Mtoto wa mashamba ya miwa

Clemente alizaliwa Agosti 18, 1934 katika mji wa Carolina, Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto 7. Baba yake, Melchor, alikuwa nyapara kwenye mashamba ya miwa.

Kama watoto wengi, naye alikuwa na mchezaji wake. Huyo alikuwa Monte Irvin, Mmarekani mweusi aliyekuwa akija kucheza San Juan msimu wa baridi. Ligi kuu za Marekani zilikuwa zimewafungia milango wachezaji weusi hadi mwaka 1947.

Roberto hakuwa na hela ya kiingilio. Irvin alipomzoea, akawa anampa begi lake la vifaa alibebe. Dogo anaingia uwanjani na nyota, mlangoni hakuna wa kumdai.

Shuleni alikuwa pia mrusha mkuki. Mkono huo ndio ulikuja kuogopwa na wachezaji wa Marekani nzima.

4,000: Bei ya nyota

Mwaka 1954 klabu ya Brooklyn Dodgers ilimsajili kwa bonasi ya dola 10,000, ikampeleka kwenye timu yake ya daraja la chini huko Montreal, Canada. Kule alikaa benchi mara nyingi. Wengi wanaamini Dodgers walikuwa wanamficha, maana kanuni za wakati ule ziliruhusu klabu nyingine kumchukua mchezaji wa aina yake msimu ukiisha.

Kama walikuwa wanamficha, walishindwa. Novemba 1954 Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa imemaliza mkiani, ilimchukua kwa dola 4,000 tu. Alicheza nayo misimu 18 na hakuhamia kwingine.

21: Herufi za jina

Wapenzi wa soka wanajua uzito wa jezi namba 10. Kwa watu wa Puerto Rico, uzito huo uko kwenye namba 21.

Inasimuliwa kwamba Clemente aliipata kwa kuhesabu herufi za jina lake kamili: Roberto Clemente Walker. Kwa desturi ya wanaozungumza Kihispania, jina la ukoo wa baba linafuatwa na la ukoo wa mama, na Walker lilikuwa la mama yake, Luisa. Hesabu mwenyewe: 7, 8 na 6. Jumla 21.

Kumbe hilo jina lenyewe aliligombania. Kwenye kadi za wachezaji alichapishwa kama Bob Clemente, kwa kuwa Roberto lilionekana la kigeni. Kuna waandishi wa magazeti walioandika Kiingereza chake vile alivyokitamka, kosa kwa kosa, wasomaji wacheke. Yeye akaendelea kusema anaitwa Roberto.

Mambo hayakuishia kwenye jina. Kila mwanzo wa mwaka timu ilienda kufanya mazoezi Fort Myers, Florida, ambako sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatumika. Wenzake weupe walilala hotelini, wachezaji weusi wakapangiwa nyumba za familia za watu weusi. Basi likisimama njiani, weupe waliingia mgahawani na weusi wakabaki kusubiri waletewe chakula. Clemente hakunyamaza. Aligoma kula kwa mtindo huo na akawashawishi wenzake wagome pia, mpaka uongozi ukawatafutia gari lao.

3,000: Pigo la mwisho

Katika besiboli, mrushaji anatupa mpira kwa kasi, na mpigaji ana chini ya sekunde moja kuupiga kwa rungu. Akiupiga vizuri na kukimbia hadi kituo cha kwanza bila kutolewa, anaandikiwa pigo safi. Mpigaji mkali anafanikiwa kama mara 3 katika majaribio 10. Clemente alifanya hivyo maisha yake yote, kwa wastani wa .317.

Mara 4 alikuwa mpigaji bora wa National League, na mwaka 1966 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kwa ulinzi wake upande wa kulia wa uwanja alipewa tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara 12. Alitwaa ubingwa wa World Series mara 2, mwaka 1960 na 1971.

Septemba 1, 1971 alikuwa kwenye kikosi cha Pirates kilichoanza mechi kikiwa na weusi na Walatino watupu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu za Marekani. Wiki chache baadaye, kwenye fainali dhidi ya Baltimore Orioles, alipata pigo safi katika mechi zote 7 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali. Alipopewa kipaza sauti cha televisheni, kabla ya Kiingereza alianza na Kihispania. Alikuwa anazungumza na wazazi wake.

Msimu wa 1972 ulipokaribia kuisha, alibakiza pigo 1 kufika 3,000. Septemba 29 alipiga mpira, uwanja ukadhani tayari, lakini mwamuzi wa takwimu akaamua ni kosa la mlinzi. Kesho yake, Septemba 30, alimpiga Jon Matlack wa New York Mets, na safari hii hakukuwa na ubishi. Kabla yake ni wachezaji 10 tu waliokuwa wamefika 3,000, na hakuna hata mmoja aliyetoka Amerika ya Kilatini.

Hakuna aliyejua kuwa hilo lilikuwa pigo lake la mwisho katika msimu wa ligi.

Desemba 31: Safari ya Managua

Desemba 23, 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua, na kuua maelfu ya watu. Clemente alikuwa ametoka huko wiki chache tu zilizopita, akiifundisha timu ya ridhaa ya Puerto Rico kwenye mashindano. Alikuwa na marafiki kule.

Aliongoza kampeni ya kuchangisha chakula, dawa na nguo. Misaada ikatumwa. Halafu zikaja habari kwamba walinzi wa mtawala wa nchi hiyo, Somoza, wanaipora kabla haijawafikia waathirika. Clemente akaona hakuna njia nyingine, aende mwenyewe. Aliamini mbele yake hakuna atakayethubutu kuiba.

Mke wake, Vera, na watoto wao 3 wa kiume walibaki nyumbani. Ilikuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Ndege ilikuwa DC-7 kuukuu, yenye injini mbovu, iliyopakiwa karibu tani 2 kupita uwezo wake. Iliruka kutoka San Juan baada ya saa 3 usiku na dakika chache baadaye ikaanguka baharini. Wote 5 waliokuwamo walikufa. Clemente alikuwa na miaka 38.

Namba isiyopatikana

Watu walijaa ufukweni kwa siku kadhaa. Mchezaji mwenzake, Manny Sanguillén, hakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu. Alikwenda baharini kupiga mbizi pamoja na watafutaji. Mwili wa Clemente haukuonekana, hadi leo.

Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka 5 ndipo apigiwe kura ya kuingia kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli. Kwake kanuni hiyo iliwekwa kando. Aliingizwa Agosti 6, 1973, Mlatino wa kwanza kupata heshima hiyo. Miongoni mwa walioingizwa siku hiyohiyo alikuwa Monte Irvin, yule aliyempa begi abebe.

Leo anayetunga fumbo kuhusu Clemente hakosi mahali pa kuwapeleka watafutaji. Pittsburgh kuna daraja lenye jina lake. Kwenye uwanja wa sasa wa Pirates, PNC Park, ukuta wa upande aliokuwa akiulinda umejengwa kwa urefu wa futi 21 kwa heshima yake. Kila Septemba 15 ligi nzima inaadhimisha Siku ya Roberto Clemente, na kila mwaka tuzo yenye jina lake inakwenda kwa mchezaji anayesaidia jamii.

Namba za kaburi lake ndizo hazipo. Anayetaka kumkumbuka Puerto Rico anaweza kusimama ufukweni karibu na uwanja wa ndege wa San Juan na kutazama baharini, upande ile ndege ilikoelekea na shehena ya msaada.