Binet na njiti ya kiberiti

Mzazi, kama umewahi kukabidhiwa karatasi yenye alama za akili za mwanao, mfahamu aliyeanzisha kipimo hicho.

Alfred Binet alizaliwa Nice, katika Ufaransa ya leo, mwaka 1857. Alisomea sheria, kisha akajifunza saikolojia kwa kujisomea. Akiwa hospitali ya Salpêtrière, Paris, alitangaza kwamba sumaku huhamisha dalili za mgonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Wenzake walipojaribu hawakuona kitu, na ikambidi akiri kosa. Nadhani aibu ile ilimfaa kuliko shahada. Baadaye alipopima ukubwa wa vichwa vya wanafunzi akitafuta akili, alikuta tofauti ndogo mno, akaiacha njia hiyo mwenyewe.

Mwaka 1904 serikali iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kumudu darasa la kawaida. Binet na daktari kijana, Théodore Simon, wakatoa kipimo cha maswali 30 mwaka 1905. La kwanza halikuhitaji hata neno: njiti ya kiberiti iliwashwa na kusogezwa mbele ya mtoto, waone kama macho yanaifuata. (Nami huanzia macho. Wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao.) Ya mwisho yalidai kufikiri, kama kueleza tofauti ya maneno mawili yanayokaribiana maana.

Walijuaje kwamba kinapima kweli? Waliwajaribu kwanza watoto ambao walimu wao waliwaona wa kawaida. Kufikia 1908 maswali yalipangwa kwa umri: lililojibiwa na wengi wa miaka 6 likawekwa kwa miaka 6. Kwa hiyo alama ya mwanao ni kulinganishwa na watoto fulani. Uliza ni watoto gani, na walipimwa kwa lugha ipi.

Binet hakuiona alama kama hukumu. Aliwatungia wanafunzi wa madarasa maalumu mazoezi ya umakini, mojawapo likiwa kusimama tuli kama sanamu, kila siku muda kidogo zaidi.

Alifariki 1911, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern akapendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na huko ndiko ilikotoka namba moja unayosomewa leo. Nchini Marekani, Henry Goddard alikipeleka kipimo bandarini Ellis Island, akawapima wahamiaji waliotoka tu melini, kwa kupitia wakalimani.