Manilal Ambalal Desai: Mtetezi Aliyefia Kwenye Mwambao wa Ziwa Letu

Kwa desturi, kitabu cha maadhimisho kama hiki huwakumbuka wale waliojenga: wafadhili, wajumbe wa kamati, mapujari waliotuongoza katika sala, na akina mama waliotayarisha prasad miaka nenda miaka rudi. Hao ndio wenye haki ya kutangulia katika kumbukumbu zetu. Sisi tumependa kuandika habari za mtu ambaye hakuweka tofali hata moja katika hekalu letu, wala hakupata kuwa mkazi wa Mwanza. Alikuwa Mgujarati kama wengi wetu, kazi yake kubwa aliifanya Nairobi, na mauti yalimkuta Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa hili, mwaka 1926. Jina lake ni Manilal Ambalal Desai. Katika zama zake jina hilo lilijulikana kwa Wahindi wa Afrika Mashariki nzima. Leo vijana wetu wengi hawalijui, na majirani zetu pengine hawajapata kulisikia. Ndiyo sababu tumeona vyema kulileta mbele yao.

Desai alizaliwa mwaka 1878 katika nchi ya Surat, Gujarat. Surat ni mji wa bandari ya kale, na watu wake walikwisha kuzoea kuwatazama jamaa zao wakipanda jahazi kuelekea Afrika kutafuta riziki. Aghalabu waliosafiri walikuwa wachuuzi, mafundi, maseremala na makarani. Desai alikuwa katika kundi la makarani, lakini karani wa sheria. Alifika Nairobi mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili wa Kiingereza. Kazi ya karani wa namna hiyo ilikuwa kuandaa hati, kupanga majalada ya kesi na kufuatilia mambo mahakamani. Hakuwa mwanasheria wa kusimama mbele ya jaji, lakini katika kazi hiyo mtu hujifunza upesi jinsi sheria inavyotengenezwa, inamlinda nani, na inamwacha nani nje. Hakudumu katika ofisi ile. Ubaguzi aliokutana nao hakuweza kuuvumilia, akaacha kazi na kujitia katika utumishi wa umma.

Yafaa tueleze hali ya Kenya ya siku zile, maana bila kuifahamu hatuwezi kumfahamu Desai. Wahindi walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu kwa hesabu. Walilipa kodi, na maduka yao yalikuwa yamefika kila pembe ya nchi. Hata hivyo hawakuruhusiwa kununua mashamba katika nyanda za juu, na katika miji palikuwa na mipango ya kuwatenga katika mitaa yao. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mashuhuri, alipata kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kabla ya vita, lakini sauti moja haikuwa na nguvu. Vita ilipokwisha, serikali iliwapa walowezi wa Kizungu haki ya kupiga kura, nao mwaka 1920 wakachagua wajumbe wao 11. Wahindi waliambiwa kwamba wangetengewa viti viwili. Waafrika, ambao ndio wenye nchi na ndio wengi kupita wote, hawakutajwa kabisa.

Hapo ndipo Desai alipojitokeza. Akiwa rais wa Chama cha Wahindi cha Nairobi, na mmoja wa nguzo za Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki, aliikataa ile hesabu ya viti. Dai lake lilikuwa moja: kuwe na daftari moja la wapiga kura. Mtu asiulizwe rangi yake. Aulizwe elimu yake na mali yake, na akitimiza masharti aandikwe katika daftari lile lile pamoja na wengine wote, ampigie kura mgombea yeyote amtakaye. Kwa maneno ya sisi wafanyabiashara, alitaka mizani moja sokoni. Alijua kwamba mtu anayepewa mizani yake ya pembeni, hata ikiwa imepakwa dhahabu, amekwisha kuambiwa kwamba hahesabiwi miongoni mwa wenye soko.

Baadhi ya wenzake waliona kwamba viti vya kutengewa ni afadhali kuliko kukosa vyote. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Jumuiya ndogo ina hofu zake, na kiti cha hakika mkononi kina ladha yake. Desai aliona mbali kuliko hapo. Mjumbe anayechaguliwa na Wahindi peke yao atawajibika kwa Wahindi peke yao, na mjumbe wa Wazungu hatakuwa na sababu yoyote ya kumsikiliza Mhindi wala Mwafrika. Kila kabila litajifungia katika chumba chake, na mwenye ufunguo wa nyumba atabaki kuwa mtawala.

Ili kulieneza dai hilo alianzisha gazeti, East African Chronicle, ambalo mhariri wake alikuwa Sitaram Achariar. Gazeti hilo halikushughulika na mambo ya Wahindi tu. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walipopatana kupunguza mishahara ya vibarua wa Kiafrika kwa theluthi moja, na Waafrika walipokuwa wakilalamikia kipande walicholazimishwa kukibeba, Chronicle lilisimama upande wao. Na hapa tunafika katika tendo ambalo, kwa maoni yetu, lampa Desai haki ya kukumbukwa na watu wote, si na Wagujarati peke yao.

Wakati huo alikuwako Nairobi kijana mmoja wa Kikuyu, Harry Thuku, mpokeaji simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Thuku alikuwa akiwakusanya vijana wa makabila mbalimbali ili wazidai haki zao, lakini hakuwa na ofisi wala mtambo wa kuchapa. Desai alimfungulia mlango. Katika ofisi za Chronicle Thuku alipata mahali pa kufanyia kazi, na matangazo ya chama chake yalichapwa katika mtambo wa gazeti. Walowezi walikuwa wakidai kwamba wanampinga Mhindi kwa ajili ya kumlinda Mwafrika. Mwaka 1921 Thuku alipeleka simu ya maandishi London kukanusha dai hilo, akieleza kwamba Wahindi si adui wa watu wake. Kwa simu hiyo alipoteza kazi yake serikalini.

Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai afunguliwe ulipigwa risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwa mwanamke shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alihamishiwa Kismayu, akakaa uhamishoni miaka mingi. Gazeti la Desai nalo liliandamwa na serikali hata likafungwa. Desai alikuwa amekwisha kuijua hatari hiyo tangu alipomkaribisha Thuku. Angaliweza kumwambia kijana yule kwamba Wahindi wana shida zao za kutosha. Hakumwambia hivyo.

Hasira za walowezi zilizidi. Serikali ya London ilipoelekea kukubali daftari moja lenye masharti, wakaanza kupanga njama za kuasi na kumteka gavana wao wenyewe. Mwaka 1923 kila upande ulipeleka ujumbe London. Desai alikwenda pamoja na Jeevanjee na wengine, na kutoka India alikwenda Srinivasa Sastri kuwaunga mkono. Uamuzi ulitolewa Julai mwaka huo. Serikali ilitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia pale yatakapopingana na ya wageni, na mpango wa kuwatenga Wahindi katika miji ukaachwa. Lakini nyanda za juu zilibaki kwa Wazungu, na daftari moja likakataliwa. Wahindi walipewa viti vitano katika daftari lao la pekee. Waafrika, ambao maslahi yao yalisemwa kuwa ya kwanza, waliwekewa mmisionari mmoja wa kuwasemea.

Wahindi walikataa kujiandikisha katika daftari hilo, na wengine wakagoma kulipa kodi ya kichwa. Mgomo wa namna hiyo ni mgumu kwa watu wenye maduka na familia, wala haukuweza kudumu. Hatimaye Desai mwenyewe aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mmoja wa wasemaji wakuu wa Wahindi humo. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni kurudi nyuma. Sisi tunaona kwamba aliingia mlango uliokuwapo bila kuacha kuudai ule uliofungwa, maana dai la daftari moja halikukoma.

Mwaka 1926 alisafiri kuja huku ziwani. Siku zile reli ya kutoka Tabora ilikuwa bado haijafika Mwanza. Ilifika mwaka 1928. Biashara ya mwambao huu ilipitia Kisumu, mwisho wa reli ya Mombasa, na kutoka hapo meli zilizunguka ziwa zikipita Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Kwa Mhindi wa wakati huo Nairobi, Kisumu, Mwanza na Bukoba zilikuwa vituo vya njia moja, na mtu aliyesemea haki zake Nairobi alihesabiwa kuwa wa wote. Safari hiyo iliishia Bukoba. Desai alifariki dunia kabla ya kutimiza miaka 50. Hakuwa tajiri. Watu wa Nairobi walichanga fedha, wakajenga ukumbi na maktaba kwa jina lake, na katika Ukumbi wa Ukumbusho wa Desai wafanyakazi wa miaka ya baadaye, Wahindi kwa Waafrika, walipata mahali pa kukutana.

Si haki kumsifu marehemu kwa jambo ambalo hakulitenda. Daftari moja alilolidai Desai lilikuwa na masharti ya elimu na mali, na kwa masharti hayo Waafrika walio wengi wangebaki nje. Daftari la kila mtu mzima, kura moja kwa kila mmoja, halikuwa katika madai ya Kongresi yake. Lakini kanuni aliyoisimamia, kwamba rangi isiwe kipimo, ikishakubaliwa haina mahali pa kusimama hadi imfikie kila mtu.

Huku kwetu kanuni hiyo ilichukua miaka mingi kufika. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza kukutana, Desemba mwaka ule ule wa 1926, liliwekewa wajumbe wa kuteuliwa, Wazungu na Wahindi wawili, bila Mwafrika hata mmoja. Katika nchi ya Usukuma, wazee wetu wengi walikuwa wanunuzi na wachambuaji wa pamba, na wakulima walipochoka kuishuku mizani ya wanunuzi waliunda vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani. Historia hiyo tusiifiche katika kitabu cha sherehe, kwa sababu majirani zetu wanaikumbuka. Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, wa mwaka 1958 na 1959, ulimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Haukuwa ubaguzi kamili, kwani wote walimpigia kura kila mgombea, lakini viti bado vilikuwa na rangi.

Rangi hiyo ilifutika baada ya uhuru. Mwaka 1965 Amir Jamal, mtoto wa wazazi wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa Mwanza mwaka 1922, aligombea ubunge huko Morogoro katika daftari moja na watu wote. Wapiga kura karibu wote walikuwa Waafrika, nao wakamchagua. Safari hiyo hakuingia bungeni kwa kiti cha Wahindi. Aliingia kama mbunge wa Morogoro, akaitumikia nchi kama waziri kwa miaka mingi. Desai alikuwa amekwisha kufa miaka 39.

Wapo kati yetu wanaoamini hata leo kwamba mtu wa duka hana haja na siasa, kwamba yatosha kulipa kodi, kufunga mlango jioni na kuja hekaluni. Tunawaheshimu, lakini maisha ya Desai yanatushauri vingine. Mtaa una kamati zake, shule ina bodi yake, soko lina uongozi wake, na uchaguzi wa serikali za mitaa huja kwa zamu yake. Mwanachama wetu akijiandikisha, akipiga kura, au akigombea na kushindwa kwa haki mbele ya majirani wanaomfahamu, atakuwa ametumia kile ambacho Desai alikidai na hakukipata. Na jirani yetu asiye na mahali pa kukutania akibisha hodi hapa kwetu kuomba ukumbi, tukumbuke ofisi ile ya gazeti na mtambo wake wa kuchapa.

Kwa moyo huo tunawatakia wanachama wote wa hekalu letu, pamoja na majirani wa dini zote waliokuja kushiriki nasi, heri na amani katika maadhimisho haya.