Fulgence Bienvenüe, Injinia wa Mji

Iko stesheni moja kubwa ya reli ya chini ya ardhi mjini Paris iitwayo Montparnasse–Bienvenüe. Neno hilo la pili, likiandikwa bila vitone viwili juu ya herufi yake, katika Kifaransa maana yake ni karibu, na wageni wengi hudhani kwamba stesheni inawakaribisha. Sivyo. Hilo ni jina la mtu. Ni jina la mtumishi wa mji aliyefanya kazi yake kubwa kwa mkono mmoja. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, hasa wale ndugu zetu wafanya kazi ambao kila siku alfajiri husimama vituoni wakihesabu senti za nauli kabla ya kuhesabu senti za chakula.

Fulgence Bienvenüe alizaliwa tarehe 27 Januari, 1852, katika mji mdogo wa Uzel, jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwandishi na mthibitishaji wa hati za watu, naye Fulgence alikuwa mtoto wake wa kumi na tatu. Katika mwaka 1870, mwaka ule ule ambao Ufaransa ilipigana na Waprusi ikashindwa, kijana huyu aliingia Chuo cha Polytechnique mjini Paris. Hicho ni chuo cha Serikali, na haingii mtu humo ila ameshinda mtihani mgumu, wa hesabu hasa. Alihitimu mwaka 1872, akaingia katika idara ya Serikali iliyosimamia madaraja na barabara, akapelekwa Alençon kujenga reli. Makampuni ya reli yalikuwa mengi na tajiri siku zile, lakini yeye alishika utumishi wa umma, wala hakuuacha mpaka uzee.

Mwaka 1881, alipokuwa na umri wa miaka 29, ajali ya kazini katika ujenzi wa reli ilimponda mkono wa kushoto, nao ukakatwa. Husimuliwa kwamba alikuwa akifanya mzaha juu ya jambo hilo, akisema kuwa mkono wake umetwaliwa kwa manufaa ya umma, kama vile mashamba ya watu yatwaliwavyo reli ipitapo.

Katika miaka ile ile ya 1880 alihamishiwa Paris. Hapo alijifunza mambo ambayo chuo hakikumfundisha. Alishughulika na kuuletea mji maji kutoka chemchemi za mbali, kazi ambayo ilimfunza namna ya kupitisha mfereji mrefu chini ya ardhi. Alishughulika pia na tramu ya Belleville iliyofunguliwa mwaka 1891. Belleville ni mlima wa wafanya kazi, na njia yake ilikuwa kali mno kwa farasi. Kwa hiyo tramu ile ilivutwa na kamba ya chuma iliyopita chini ya barabara, nayo ilikuwa na nauli ya chini kwa wafanya kazi saa za kwenda na kurudi kazini. Tunaitaja tramu hiyo ndogo kwa sababu twaona kwamba pale ndipo injinia wetu alipoona kwa macho maana ya usafiri kwa mtu apandaye mlima jioni, hali amechoka.

Sasa tufike kwenye shauri kubwa. Kwa miaka zaidi ya 20 Paris haikuweza kujenga reli yake, si kwa kukosa fedha wala maarifa, bali kwa ugomvi. Serikali Kuu na makampuni makubwa ya reli walitaka njia za kuunganisha stesheni zao, ili treni za mbali zipite katikati ya mji. Halmashauri ya mji ilitaka reli ya wakazi: treni ndogo, stesheni za karibu karibu, na mamlaka mikononi mwa mji. Mwishoni mwa mwaka 1895 Serikali ilikubali haki ya mji. Mwaka uliofuata Bienvenüe, pamoja na mkubwa wake Edmond Huet, walitoa mpango wa njia zote, na sheria ikapita tarehe 30 Machi, 1898.

Mpango wenyewe ulikuwa na ujanja ndani yake. Mahandaki yalifanywa membamba, na mabehewa yakawekwa upana wa mita 2.40 tu, hata treni ya kampuni kubwa isiweze kuingia kamwe. Treni za Ufaransa hupita kushoto. Hizi za mji zilipita kulia. Wako waliolaumu jambo hilo, na kwa kweli vizazi vya baadaye viliona taabu kuunganisha mji na vitongoji vyake. Sisi twakubali kwamba lawama hiyo ina haki. Lakini mwenye nyumba akiogopa mwizi hujenga mlango mwembamba.

Mji ulijenga mahandaki kwa fedha zake, na kampuni ikapewa kutandika reli na kuendesha treni kwa muda uliowekwa. Mkubwa wa biashara hiyo alikuwa tajiri wa Kibelgiji, Édouard Empain. Wale wavukao Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie wajue kwamba reli itokayo Kabalo na kuishia pale ziwani ni kazi ya kampuni ya Empain huyo huyo, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Kongo ya Mfalme Leopold. Nayo ilifika ziwani mwaka 1915. Kule Kongo hapakuwa na halmashauri ya kumwambia tajiri nauli iwe kiasi gani. Paris ilikuwako. Tikiti ya daraja la pili ilikuwa sentimu 15, na aliyepanda kabla ya saa tatu asubuhi alipata tikiti ya kwenda na kurudi kwa sentimu 20.

Kazi ilianza mwaka 1898. Tarehe 19 Julai, 1900, wakati wa Maonyesho makubwa ya Dunia, njia ya kwanza ilifunguliwa kutoka Porte de Vincennes mpaka Porte Maillot, ingawa stesheni nane tu kati ya kumi na nane ndizo zilizokuwa tayari. Mahandaki yalipita karibu na uso wa barabara, si shimoni kama baadhi ya njia za London, hata mtu hushuka ngazi chache tu.

Hatuwezi kuyapita mambo ya tarehe 10 Agosti, 1903. Jioni hiyo treni tupu yenye hitilafu ya umeme ilishika moto katika stesheni ya Ménilmontant, njia ya pili. Nyuma yake treni nyingine, imejaa watu watokao kazini, ilisimama katika stesheni ya Couronnes. Watu waliambiwa washuke. Wengine hawakuondoka, walidai kwanza warudishiwe sentimu zao 15. Wako waliowacheka baadaye. Sisi hatuwacheki, kwa maana ni mwenye nazo tu awezaye kuita sentimu 15 kitu kidogo. Moshi ulipoingia, taa zikazimika, kwa kuwa zilitegemea umeme ule ule wa treni. Na watu wakakimbilia gizani upande usio na mlango. Walikufa watu 84.

Mabehewa ya mbao yalikuwa ya kampuni, wala si Bienvenüe aliyeyachagua. Hata hivyo stesheni ile ilikuwa ya mji. Baada ya msiba taa za stesheni zilipewa umeme wake peke yake, na milango ya kutokea ikawekewa alama za mwanga. Mambo mepesi kama haya yangaliweza kufanywa kabla.

Kazi yake iliyosifiwa zaidi ni kuuvuka mto Seine kwa chini. Kwanza palitokea kichekesho: wanachuoni wa Institut de France walikataa handaki lisipite chini ya jumba lao, na njia ikapindishwa. Kisha masanduku makubwa ya chuma yalitengenezwa ukingoni, yakaelezwa mtoni na kuzamishwa, na vibarua wakachimba ndani yake katika hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiingie. Karibu na Saint-Michel, udongo ulikuwa na maji mengi hata ukawa hauchimbiki; basi wakaupitishia mabomba ya maji ya chumvi yenye baridi kali, ukaganda kama jiwe, ndipo wakauchimba. Njia ilivuka mto Januari, 1910, na kabla mwezi haujaisha mafuriko makubwa yakaifunga.

Bienvenüe alistaafu Desemba, 1932, akiwa na miaka 80. Mwaka uliofuata stesheni ya Avenue du Maine ilipewa jina lake, naye akiwa hai. Alifariki tarehe 3 Agosti, 1936, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Stesheni ya mahali hapo iko katika njia ya pili. Ni ya pili kutoka Couronnes.