Maisha ya Bwana Chevreul, Bingwa wa Mafuta

Neno kolesteroli husikika sana hospitalini. Wazee wetu hupimwa damu, kisha huambiwa wapunguze mafuta. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeipa kolesteroli jina lake. Huyo ni Michel Eugène Chevreul, bingwa wa kemia wa Ufaransa.

Alizaliwa mjini Angers tarehe 31 Agosti 1786. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka 1803 kijana huyu alikwenda Paris kujifunza kemia kwa Bwana Vauquelin.

Mwaka 1811 alianza kuchunguza sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe. Zamani zile watu walijua kupika sabuni, bali hawakujua mafuta yenyewe yana nini ndani. Chevreul aligundua kwamba mafuta yakichemshwa pamoja na potashi hugawanyika. Sehemu moja ni asidi, ambazo hushikana na potashi zikawa sabuni. Sehemu nyingine ni kitu kitamu kiitwacho gliserini. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi, akatoa kitabu chake mwaka 1823.

Katikati ya kazi hiyo alichunguza kitu cheupe kama nta kipatikanacho katika vijiwe vya nyongo ya binadamu. Alikichemsha na potashi vilevile, lakini hakikugeuka sabuni. Basi akajua kwamba si mafuta ya kawaida. Yapata mwaka 1816 akakiita kolesterini, kwa maneno mawili ya Kiyunani: nyongo, na kitu kigumu.

Baadaye alitengeneza mishumaa bora isiyonuka, akasimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins. Mwaka 1886 alitimiza miaka 100, na Ufaransa ikamfanyia sherehe kubwa. Mzee huyo alikuwa bado akijihesabu mwanafunzi. Alifariki Paris tarehe 9 Aprili 1889, mwenye umri wa miaka 102. Jina lake limeandikwa juu ya mnara wa Eiffel.

Chevreul hakujua kwamba kitu kile chaweza kuua. Mwaka 1913 Bwana Anichkov wa Urusi aliwalisha sungura kolesteroli, na mishipa yao ikaharibika. Leo twajua zaidi. Kolesteroli si sumu. Mwili huihitaji, na ini hutengeneza sehemu kubwa yake. Ila ikizidi katika damu, hujishika ndani ya mishipa, haba na haba, bila maumivu yoyote. Siku mshipa ukizibika, moyo au ubongo hukosa damu, na mtu aliyekuwa mzima asubuhi aweza kufa kabla ya jioni.

Kwa kuwa hauumi, ugonjwa huu haujulikani ila kwa kupima damu. Tuwahimize wazazi wetu wapimwe. Wapunguze samli na nyama ya mafuta, wale mboga na maharagwe kwa wingi, watembee kwa miguu, waache sigara. Daktari akiwapa dawa, wasiziache kwa sababu tu wanajiona wazima.

Nasi tulio shuleni tukumbuke kwamba elimu hii ilianzia katika kipande cha sabuni. Wengi walikiona, wakanawia mikono. Chevreul aliuliza kimetengenezwa na nini.