Sandford Fleming: Mhandisi aliyeachwa na garimoshi akaipanga saa ya dunia

Mnamo Julai 1876, mhandisi Sandford Fleming alifika katika kituo cha Bundoran nchini Ireland, akitarajia kuabiri garimoshi la saa kumi na moja na dakika 35 jioni, kama ratiba ilivyoeleza. Halikuwapo. Ratiba ilikuwa imechapishwa kwa kosa la herufi moja tu, na saa ya alfajiri ikasomeka kuwa ya jioni. Ikambidi asubiri hadi kulipokucha.

Fleming alizaliwa Januari 7, 1827 mjini Kirkcaldy, Scotland, akahamia Canada mwaka wa 1845. Huko alibuni stempu ya posta ya mwaka wa 1851, kisha akawa mhandisi mkuu wa reli. Wakati huo kila mji ulifuata jua lake, na msafiri alilazimika kuirekebisha saa yake mara kwa mara.

Baada ya mkasa wa Ireland, alipendekeza siku ihesabiwe kwa saa 24, na dunia iwe na wakati mmoja wa pamoja pamoja na kanda 24. Baadhi ya wataalamu wa Uingereza walimpinga. Hata hivyo, Novemba 18, 1883 kampuni za reli za Marekani na Canada zilianza kutumia kanda, na mwaka wa 1884 mkutano wa mataifa jijini Washington, alikohudhuria, ukaichagua Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabia. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1897, akaaga dunia Julai 22, 1915 mjini Halifax.

Wazo lake la wakati mmoja linaishi ndani ya kompyuta. Waundaji wa tovuti huhifadhi tarehe na saa kwa wakati wa dunia, kisha programu huongeza saa tatu inapomwonyesha msomaji wa Kenya.

Lakini kuhifadhi si kuonyesha. Huko Gachoka, Kaunti ya Embu, mtu akitazama saa ya ukutani inayoonyesha 7:00 asubuhi, husema ni saa moja. Tovuti ikimwandikia kwamba basi huondoka saa 7:00, bila neno asubuhi wala mchana, mmoja atafika saa moja asubuhi, na mwingine saa saba mchana. Mmoja wao ataachwa, kama Fleming alivyoachwa Bundoran.