Sayyid Barghash na Merikebu Zake

Wengi wetu tukimtaja Sayyid Barghash bin Said hukumbuka Beit al-Ajaib na maji ya Chemchem aliyoyaleta mjini kwa mabomba. Safari hii tumtazame kwa upande wa bahari, maana Unguja ni kisiwa na mambo yake makubwa yaliamuliwa bandarini.

Alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar na alikuwa na merikebu za vita zilizojulikana Bahari ya Hindi nzima. Mojawapo, Liverpool yenye mizinga 74, alimzawadia mfalme wa Uingereza. Nyingine, Sultana, ilifika New York mwaka 1840 na bidhaa za kwetu. Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki chomboni akirudi kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye katika safari ile.

Mwaka 1859 Barghash aligombea utawala na kaka yake, Sayyid Majid. Waingereza wakamsaidia Majid kwa askari na mizinga ya manowari zao. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi.

Majid alipofariki, Oktoba 1870, Barghash akatawala. Hazikupita hata miaka miwili ukaja msiba. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi mno na kuzamisha au kutupa ufukweni karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, na merikebu za Sultani zikiwemo. Jeshi la majini lililojengwa kwa miaka mingi likaondoka mara moja.

Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Alikataa. Wakatishia kuizingira Unguja kwa manowari, naye hakuwa na cha kuwazuia. Juni 1873 akasaini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Biashara ile ilikuwa dhuluma kubwa na kwisha kwake ni kheri. Lakini tuseme kweli, Sayyid hakuiacha kwa hiari yake.

Baadaye alinunua meli nyingine. Glasgow, iliyoundwa Uskochi na kufika mwaka 1878, ilikuwa na mizinga midogo, nayo ilikaa zaidi kwenye nanga kuliko safarini. Zilizofaa watu ni zile meli za moshi za biashara zilizokwenda hadi Bombay. Hizo pia zilichukua mahujaji hadi Jeddah bila ya nauli. Fikirieni mzee wa shamba asiye na kitu, ambaye Makka alikuwa akiisikia tu, sasa anapanda meli ya Sultani! Kwangu mimi jambo hili ni kubwa kuliko jumba lolote alilojenga, pamoja na kile kiwanda chake cha chapa kilichotoa vitabu vya dini.

Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri, mizinga ikielekea mjini. Walitaka akubali kwamba nchi walizozichukua bara si zake tena. Katika meli moja ya msafara ule alikuwemo dada yake, Bibi Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani. Barghash alitumaini Waingereza watamtetea, wakamshauri akubali. Akakubali.

Alikwenda Oman kutafuta afya, akarudi akiwa mgonjwa sana, na akafariki Machi 1888 akiwa na miaka hamsini na kitu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Glasgow iliishi miaka minane baada yake. Tarehe 27 Agosti 1896 mwanawe, Sayyid Khalid, alipokataa kuondoka kasrini, Waingereza walipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Glasgow ilijibu, ikazamishwa palepale bandarini. Milingoti yake ilibaki juu ya maji, watu wakiiona kila siku, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.